Chupa Isiyo na Kwao

Soda ikishanywewa pale Darajani, chupa yake haikai mtaani. Inarudi kwenye kreti, kreti inarudi kwa wakala, na wakala ana hesabu yake na kiwanda. Chupa ya mvinyo iliyofunguliwa hotelini Nungwi au Paje haina kwao. Imetoka Afrika Kusini, Italia au Chile. Safari ya kuja imelipiwa, ya kurudi hakuna wa kuilipia. Kiwanda cha kuyeyusha kioo kipo ng'ambo ya mkondo, Kioo Limited cha Dar es Salaam, lakini chupa tupu ni mzigo wa ajabu: nzito kama jiwe, imejaa hewa, na thamani yake kwa kilo haitoshi kumlipa hamali wa bandarini Malindi, seuze nauli ya chombo. Ndiyo maana nyingi huishia jaani Kibele au kwenye shimo nyuma ya jiko la hoteli. Fundi anayetaka kufungua karakana ya kuunganisha kioo kwa tanuri la umeme akilitazama shimo lile anaona neema: malighafi ya bure, ya rangi ya kijani, hudhurungi, nyeupe, na mara mojamoja buluu. Wapo walioiona neema hiyo kabla yake. Chako, karakana ya hapahapa Unguja, inageuza chupa tupu kuwa bilauri na taa. Lakini bilauri inayokatwa kutoka kwenye chupa haichanganyi kioo na kioo. Anayetia vipande tanurini anaingia kwenye mashaka mengine kabisa, na sura hii inahusu mashaka hayo.

Ninachotaka kukitetea ni sharti moja ambalo mafundi wengi wanaoanza huliona la ukali usio na sababu: kila kipande kinachotoka tanurini kitokane na chupa moja. Si chupa mbili zinazofanana, wala chupa mbili za kampuni moja. Chupa moja. Anayelishika sharti hili Unguja anaweza kuishi kwa kazi yake, na anayelivunja anajenga karakana juu ya vitu vitakavyopasuka mikononi mwa wateja.

Sababu yake ni ya hesabu. Kila kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, lakini si vyote kwa kiasi kimoja. Wauzaji wa kioo cha sanaa huko Marekani hukipa kioo chao namba, 90 au 96, yaani sehemu 90 au 96 katika kila milioni kumi kwa kila nyuzi moja ya joto. Sinia ya sentimita 30 yenye namba 90, ikishuka kutoka nyuzi 500 hadi joto la kawaida la Unguja, nyuzi 30, husinyaa milimita 1.27. Sasa ibandike juu yake chupa nyingine yenye namba 85. Hii itasinyaa milimita 1.20. Tofauti ni saba za mia za milimita, unene wa unywele. Kwa seremala unywele si kitu. Atapiga randa mara moja na mambo yatakwisha. Lakini kioo hakina mnyumbuko wa mbao. Vipande viwili vilivyoshikana moto vikawa kimoja, kisha kila kimoja kikataka kuishia urefu wake, hubaki vikivutana maisha yao yote. Huenda vikapasuka tanurini, na hilo ndilo jema kati ya mabaya, maana hasara inabaki kwako. Mara nyingi havipasuki hapo. Sinia inasafishwa, inapangwa dukani, inanunuliwa, inatoka kwenye chumba cha kiyoyozi kuingia juani, inapanda ndege, na siku moja ya baridi ughaibuni inalia peke yake juu ya kabati. Mteja hatajua habari ya namba. Atajua tu kwamba vitu vya Zanzibar havidumu.

Tena namba yenyewe haimalizi habari. Kioo hakigandi kwa ghafla kama maji yanavyokuwa barafu. Hukakamaa polepole, na kila aina ina joto lake la kukakamaa. Vioo viwili vyenye utanukaji uleule vinaweza kuvutana kwa sababu kimoja kimekaza mapema na kingine bado kilikuwa laini. Chupa ya hudhurungi imepikwa kwa chuma, salfa na kaboni. Ya kijani ina chuma na mara nyingi kromiamu. Nyeupe imeondolewa rangi kwa dawa nyingine. Kila kiwanda kina mchanga wake, magadi yake, chokaa yake, na vigae vya kioo kikuukuu kinavyochanganya ili kupunguza gharama za moto. Kampuni moja ya mvinyo inaweza kununua chupa kwenye viwanda vitatu kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo karatasi iliyobandikwa chupani ni nasaba ya kilichokuwa ndani. Ya kioo haisemi lolote. Alama ndogo zilizochongwa chini ya kitako zinasema zaidi, maana hizo ni za kiwanda na kalibu, na inafaa kuziandika. Bado ni dalili, si ushahidi.

Wapo watakaosema kwamba mafundi wa visiwani wanaotumia tanuri la umeme wana adui mkubwa kuliko mchanganyiko, naye ni umeme wenyewe. Si neno la kupuuzwa. Unguja inalishwa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara, na wakazi wake hawajasahau Mei 2008, waya ulipoharibika kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima, wala Desemba 2009, giza lilipoingia likakaa hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulipokamilika mwaka 2013 hali ilitengemaa sana, ila kukatika kwa saa moja au mbili hakujahamia nchi nyingine. Na tanuri linahitaji muda mrefu. Kwa kioo cha chupa, unapandisha nyuzi 150 kwa saa hadi 600 ili kisishtuke, unakwenda mpaka 800 na kitu ili vipande vishikane, unashuka upesi kupita kati ya 750 na 650 kwa sababu hapo ndipo uso wa kioo hupiga utando mweupe, kisha unasimama karibu na nyuzi 550. Kituo hiki cha mwisho ndicho kinachokituliza kioo: joto linakuwa sawa ndani na nje, na mkazo uliojificha unalegea. Kwa unene wa milimita 6, saa moja ya kusimama na kushuka nyuzi 50 au 60 kwa saa hadi 370 kunatosha. Lakini unene ukizidishwa mara mbili, muda wa kupoza huzidi mara nne. Ukihesabu kupanda, kusimama na kushuka, kazi nyepesi inakula usiku kucha, na kazi nene inakula siku mbili. Umeme ukikatika katikati, je?

Jibu linategemea umekatika wapi, na hapa ndipo tofauti ya makosa mawili inapojitokeza. Ukikatika wakati wa kupanda, hakuna kilichoharibika: liache tanuri limefungwa, umeme ukirudi anza upya taratibu. Ukikatika kioo kikiwa kati ya nyuzi 550 na 400, kinaweza kupoa kwa haraka mno na kubaki na mkazo. Ndiyo maana tanuri la matofali mazito linamfaa fundi wa Unguja kuliko lile jepesi la sufi, ijapokuwa la sufi hupata moto upesi na halili umeme sana. Matofali hukaa na joto, na blanketi la sufi ya kauri likitupiwa juu yake kushuka kunakuwa kwa adabu. Na hata kama kupoa kumekwenda vibaya, kioo ambacho hakijapasuka kinaweza kurudishwa tanurini kesho yake, kikapandishwa taratibu hadi 550, kikatulizwa upya kana kwamba jana haikuwapo. Kosa la kupoza lina toba. Kosa la kuchanganya halina, kwani unaweza kuituliza sinia ya vioo viwili mara kumi, na kila ikipoa ule unywele unakuwa palepale. Kwa hiyo mwenye fedha za kununua kinga moja tu, asikimbilie jenereta kwanza. Jenereta ya kuendesha tanuri la kilowati tano ni ghali kuinunua na ghali zaidi kuilisha, nayo inamkinga na kosa linalorekebishika.

Kinga ya kosa lisilorekebishika haigharimu karibu chochote. Skrini nyingi za kompyuta mpakato hutoa mwanga uliochujwa mkao mmoja, na miwani ya jua ya aina inayoua mng'aro wa bahari, ile wanayovaa watalii wa Mnemba, huchuja vilevile. Fungua ukurasa mweupe, izungushe miwani mpaka skrini iwe nyeusi, kisha weka kipande cha kioo katikati. Kioo kilichotulia kitabaki cheusi. Kioo chenye mkazo kitang'aa pale mkazo ulipo, kama mbalamwezi kuzunguka mpaka wa vipande viwili. Kabla ya kuuza chochote, fundi akipitishe hapo. Kama anataka kujua chupa mbili zinapatana, ayeyushe kijipande cha moja juu ya ukanda wa nyingine, akitulize vizuri, akitazame. Mwanga ukionekana pembeni mwa kijipande, ndoa hiyo haipo. Usipoonekana, aandike daftarini: alama za kitako, rangi, tarehe, ratiba ya moto, unene, matokeo. Daftari hilo likifika kurasa mia litakuwa mali kuliko tanuri, maana tanuri hununuliwa na mtu yeyote mwenye fedha.

Hapa msomaji makini ananishika. Kama jaribio linaweza kuonyesha kwamba chupa mbili zinapatana, sharti la chupa moja ni la nini? Ni la nini kwa mtu anayejua kupima? Ni kweli kwamba jaribio linafungua mlango, nami sitaufunga. Lakini jaribio linahusu chupa zile mbili zilizopimwa, nazo zimekwisha, zimegeuka sampuli. Sinia atakayoiuza itatoka kwenye chupa ya tatu na ya nne, anazozidhania kuwa ndugu za zile. Kwa mfanyakazi wa kiwandani aliyepokea magunia kumi ya chupa za toleo moja, dhana hiyo ina nguvu. Kwa anayepokea kapu la mchanganyiko kutoka hoteli tatu za Kiwengwa, ni kamari. Na kamari ya mara moja kwa mwezi haina tatizo. Tatizo ni kwamba karakana hucheza kila siku.

Zanzibar ilijua zamani kwamba biashara ya kioo ni biashara ya kujua aina. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyekwenda bara mwaka 1857, aliandika kwamba shanga zilizokuwa zikiuzwa ziliweza kufika aina 400, kila moja na jina lake, bei yake na nchi inayoipenda. Samsam, ile nyekundu, ilikuwa na majina ya utani: moja la kwamba mtu huacha chakula chake kwa ajili yake, lingine kifunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyosemekana kufilisi nyumba wakiitaka. (Wanaume na bunduki zao hawakupewa jina kama hilo, tulipite.) Msafara uliobeba aina isiyopendwa huko uendako ulikuwa umebeba mawe. Na ukirudi nyuma zaidi, wanaakiolojia waliopima kemia ya shanga zilizofukuliwa Unguja Ukuu na Fukuchani, za milenia ya kwanza, waliweza kutambua kwamba nyingi zilitoka upande wa Bara Hindi na Sri Lanka, kwa sababu kioo hubeba ndani yake mchanga wa kwao. Chupa ya Paje inabeba wake vilevile. Tofauti ni kwamba fundi hana maabara, ana miwani ya jua.

Pingamizi la pili ni la wenye haraka: kwa nini asiagize kioo cha sanaa chenye namba, kilichohakikishwa kiwandani, na kuachana na takataka? Kinapatikana, kina rangi zote za kanga, na kinapatana chenyewe kwa chenyewe. Sina neno na anayeweza. Lakini atazame mambo mawili. La kwanza ni mzigo: kioo cha bapa ni kizito na dhaifu, kinapita baharini, bandarini na forodhani, na kila bamba lililovunjika njiani linahamishia gharama yake kwa yaliyopona. La pili ni kutegemea. Mwaka 2016 kiwanda cha Spectrum, karibu na Seattle, kilichokuwa mama wa kioo cha namba 96, kilitangaza kwamba kinafunga. Utengenezaji ukanunuliwa na Oceanside na kuhamishiwa Mexico, na kwa muda mafundi wa dunia nzima walihangaika kutafuta rangi walizozizoea. Mwaka huohuo, huko Portland, Bullseye, mabwana wa namba 90, walisimamisha matumizi ya kadmiamu na arseniki baada ya vipimo vya hewa kuleta hofu mjini, na baadhi ya rangi zikaadimika. Hata majirani wa viwanda hivyo walihangaika. Aliyeko Mkunazini angesubiri hadi lini? Zaidi ya hayo, sinia ya kioo cha Portland iliyounganishwa Unguja inashindana na sinia ya Portland iliyounganishwa Portland. Sinia ya chupa iliyonywewa Matemwe haina mshindani.

Pingamizi la tatu ndilo gumu. Mbona Kitengela, nje ya Nairobi, karakana ya kina Croze, wanayeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika na vyombo vyao vinadumu? Mbona Shanga ya Arusha inageuza kioo cha taka kuwa shanga na bilauri? Wanaweza kwa sababu wao wanapuliza na kuchota kutoka kwenye tanuru la kuyeyushia. Humo kioo hupita nyuzi elfu moja na zaidi, kinakuwa uji, kinachanganyika mpaka kinakuwa kitu kimoja chenye tabia moja, na tena kioo cha madirisha kwa asili yake hakitofautiani sana. Tanuri la umeme la nyuzi 800 halichanganyi, linabandika. Ni tofauti ya uji na mkate wa kumimina kwa upande mmoja, na chapati mbili zilizogandana kwa upande mwingine. Tanuru la kuyeyushia linataka moto usiku na mchana. Kwa karakana ya watu wawili watatu Mji Mkongwe ni ndoto ya gharama.

Basi rangi? Mteja anataka rangi, na chupa moja ina rangi moja. Hapa jibu liko juu ya vichwa vya watu wanaopita kila siku. Tazama nusu duara za vioo juu ya milango na madirisha ya nyumba zenye mkono wa Kihindi, au panda vibarazani mwa jumba la Dispensari ya Zamani pale Mizingani, lile aliloanza kulijenga Tharia Topan mwaka 1887. Nyekundu, buluu, kijani, manjano, vyote vimekaa jirani na kuupaka sakafuni mwanga wa alasiri. Hakuna hata kimoja kilichoyeyushwa na mwenziwe. Kila kioo kina chumba chake ndani ya ubao, kinatanuka na kusinyaa bila kumgusa jirani. Mafundi wale hawakuwa na habari ya namba 90. Walikuwa na seremala. Ubunifu wa karakana ya Unguja unaweza kuanzia hapo: vipande vya chupa mojamoja, kila kimoja kimeyeyushwa, kimetulizwa na kupimwa peke yake, kisha vimekutanishwa kwenye fremu ya mbao au waya wa shaba kuwa taa, kizuizi cha dirisha, uso wa meza. Ndani ya kipande chenyewe bado pana uwanja wa kucheza. Chupa ikikatwa, kuta zake zikakunjuliwa kwa joto na kulazwa moja juu ya nyingine, unene hufika karibu milimita 6 ambao kioo kilichoyeyuka hupenda kusimamia. Katikati panaweza kutiwa karatasi nyembamba ya shaba, au chengachenga za chupa ileile zinazoacha mapovu. Chini yake kalibu yenye nakshi ya mlango itaacha maua na minyororo.

Yaliyobaki ni ya nyumba na maji, na hayahitaji maneno mengi. Tanuri lisipandishwe ghorofani Mji Mkongwe: sakafu zile zimelala juu ya boriti za mikoko, na boriti iliyobeba karne moja haistahili kubebeshwa matofali ya moto juu ya nyaya kuukuu. Duka likae Hurumzi au Gizenga, tanuri likae Ng'ambo au shamba, chini, penye hewa. Maji ya visima vya Unguja yametoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa, na tone lililokaukia kwenye kioo ni mbegu ya ule utando mweupe. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua. Chupa iliyookotwa ufukweni ikasuguliwa na mawimbi ni nzuri kwa hereni na mbaya kwa tanuri, kwa sababu uso wake umekwisha kuliwa. Dawa ya rafu ya tanuri, ule mchanganyiko wa kaolini na alumina, ikauke kabisa kabla ya moto, na msimu wa masika kukauka huko huchukua siku, si saa. Vumbi lake na la kioo halifagiliwi. Hufutwa kwa kitambaa kibichi, barakoa ikiwa usoni.

Na seremala aambiwe mapema nafasi anayopaswa kuiacha, maana yeye amezoea kuubana ubao. Kioo cha sentimita 30 kwenye dirisha la magharibi, kilichopigwa na jua la saa kumi kisha kikanyeshewa, hakiombi nafasi kubwa. Mbao ndiyo itakayofura kwa unyevu wa masika na kukibana. Aache milimita mbili kila upande, azijaze kwa kitu laini, na msumari usiguse kioo.